Tupeane uzoefu: mnawafanyishaje watoto hesabu nyumbani?

Wazazi wenzangu, na nyinyi mnaolea wajukuu au wadogo zenu, naomba tuchangie hapa. Wangu yuko darasa la tatu. Kinachotusaidia kuliko vyote ni swali moja: "Umepataje?" Namuuliza akipata na akikosa, maana nikiuliza akikosa tu, atajua kila swali ni lawama.

Juzi kaandika 42 − 17 = 35. Ukiitazama harakaharaka utasema hajui kutoa. Akanieleza: 4 toa 1 ni 3, 7 toa 2 ni 5. Kumbe kutoa anajua, ila anatoa tarakimu ndogo kwenye kubwa popote zilipo. Tukachukua vijiti, tukafunga mafungu manne ya kumikumi na viwili vikabaki pembeni. Alipotaka kuondoa 7 akakuta mamoja hayatoshi, akafungua fungu moja mwenyewe. Vijiti 12, toa 7, vikabaki 5. Mafungu matatu, toa moja, yakabaki mawili. 25. Sikumwambia kitu.

Tulipokwama ni tebo. Anakariri jioni, asubuhi zimeyeyuka. Nyie mnafanyaje?

Mama wa mapacha: Usimpe zote kwa mkupuo, mwenzangu. Kuanzia 1 × 1 hadi 10 × 10 kuna maswali 100, mtoto akiyatazama anakata tamaa. Lakini 3 × 8 na 8 × 3 jibu ni lilelile. Ondoa zinazojirudia namna hiyo, ondoa na za 1, 2, 5 na 10 ambazo wengi huzishika mapema, zinabaki 21 tu. Mimi niliziandika kwenye vikaratasi. Anazoziweza tunazirudia baada ya siku kadhaa, zinazomsumbua tunazigusa kila siku, muda mfupi, tunaacha kabla hajachoka. Za 9 wangu wanapitia kwenye 10: 9 × 7 ni 70 toa 7. Za 4 wanazidisha kwa 2 mara mbili: 4 × 7 ni 14 na 14 nyingine. Akisahau, ana njia ya kurudi kwenye jibu, na hapo ndipo ninapoona faida kubwa.

Baba, mtoto darasa la kwanza: Samahani naingilia. Wangu bado anahesabu kwa vidole. Nimkataze?

Mwalimu mstaafu: Usimkataze kabisa, baba. Mtumie vidole hivyohivyo kumfundisha jozi za 10: anyooshe 7, aseme amekunja vingapi. Akizijua jozi hizo, 8 + 5 hahesabu tena kimojakimoja. Anachukua 2 kwenye ile 5, anafika 10, anaongeza 3. Vidole ataviacha mwenyewe. Na mkiwa na dadu mbili, rusheni mjumlishe, mkiandika kila jumla. Baada ya muda muulize kwa nini 7 inatokea sana. Njia za kuipata ni 6 kati ya 36, na 12 ina njia moja tu. Mwache azitafute.

Bibi wa wajukuu: Kwangu shida ni mafumbo. Mjukuu akiona neno "zaidi" anajumlisha tu. "Kaka ana gololi 12, ni 5 zaidi ya za dada. Dada ana ngapi?" Anajibu 17! Sasa namwambia aweke kalamu chini, anisimulie habari yenyewe bila kutaja namba hata moja: nani ana nyingi, nani ana chache. Kisha anachora mistari miwili, mrefu wa kaka, mfupi wa dada, na ile tofauti anaiandikia 5. Akishachora hivyo, 7 anaiona. Majuzi alisoma swali jingine, akaanza kuchora kabla sijafungua mdomo.