Likizo ya familia ufukweni: pesa huvujia wapi?

MamaWatatu
Habari wakuu. Tunapanga kwenda baharini usiku 5: watu wazima watatu, mmoja ni bibi mwenye shida ya magoti, na watoto watatu, mdogo ana miezi 9. Tumepata nyumba mbili. Moja iko ufukweni kabisa. Nyingine iko barabara ya tatu nyuma, ina jiko na friza, na bei yake iko chini sana. Je, hiyo ya nyuma inaokoa pesa kweli, au tutazirudisha kwenye usafiri? Na tubebe nini kutoka nyumbani ili tusikodi kila kitu kule?

Nanga
Mkuu, usilinganishe bei ya usiku mmoja. Linganisha jumla hadi mnarudi nyumbani.

Tuchukulie ya ufukweni ni 100 kwa usiku na ya nyuma ni 60. Ukitazama haraka umeokoa 200. Sasa ongeza ada ya usafi, tuseme 40, ambayo hutozwa mara moja, halafu usafiri wa kwenda na kurudi 20 kwa siku. Inakuwa 300 + 40 + 100 = 440. Umeokoa 60 tu, na kila siku kuna purukushani ya kupakia na kupakua. Mkitembea kwa miguu, ile 100 ya usafiri inaondoka na mnabaki na 160 mkononi. Kwa hiyo kinachoamua ni njia ya miguu, wala si kule kuwa barabara ya tatu. Umbali unaouona kwenye ramani unaweza kuwa unakatiza uzio au mto. Mwulize mwenye nyumba njia ya umma ya kuingilia ufukweni iko wapi, ina ngazi ngapi, na kama kuna kivuli njiani. Mita 400 mtu mzima huzimaliza kwa dakika 5 hivi. Mkiwa na watoto na mizigo, hesabu mara mbili. Kwa magoti ya bibi nisingezidisha hapo.

Kabla ya kutoa arbuni, pata majibu haya kwa maandishi: bei ni ya watu wangapi na mtoto mchanga anahesabiwa? Umeme, maji na gesi vimo? Mashuka na taulo je? Amana inarudi lini? Mkifika, piga picha za mita, madoa, nyufa na vyombo vilivyovunjika kabla hamjafungua mabegi. Amana nyingi hupotea kwa kasoro zilizokuwepo tangu awali, kwa sababu mgeni hana cha kuonyesha.

Bamvua
Naongezea tarehe, maana ndiyo inayovuta bei kuliko kitu kingine. Ingieni Jumapili, mtoke Ijumaa. Hizo ni usiku 5 kamili na hamjagusa usiku wa Ijumaa wala Jumamosi, ambao mara nyingi ndio ghali. Kama mnakokwenda kuna kiangazi na baridi, kumbukeni bahari hupata joto polepole na kupoa polepole, hivyo maji hubaki ya kuogeleka wiki kadhaa baada ya kilele cha joto, wakati bei zimeshaanza kushuka.

Halafu tazameni jedwali la maji kujaa na kupwa kabla ya kulipa. Fukwe nyingi hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Maji yakijaa saa 4 asubuhi Jumapili, Alhamisi yatajaa karibu saa 7 na dakika 20 mchana. Wakati wa bamvua, yaani mwezi mchanga na mwezi mpevu, hupwa mbali zaidi. Kwenye ufuko tambarare watoto hukuta matope, na hapo ndipo wazazi huishia kulipia bwawa au mashua ambayo haikuwa kwenye bajeti.

JikoLaSafari
Jiko litumieni kwa kifungua kinywa na chakula cha mchana. Mchana, watoto wakiwa na njaa na kibanda kiko hatua kumi, ndipo mnanunua bila kuhesabu. Pikeni usiku, mbebe kesho yake. Usipange kupika milo yote mitatu, anayepika naye anahitaji kupumzika.

Kasha la barafu lipoozwe tangu usiku, maana kasha lenye joto hula barafu yote ya asubuhi. Gandisheni chupa za maji ya kunywa badala ya kununua barafu: inapoza chakula, na jioni inanyweka. Acheni nafasi ya vidole vitatu juu, kwani maji yakiganda huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9 na chupa iliyojaa hupasuka. Mapande makubwa hudumu kuliko vipande vidogo. Vinywaji viwe na kasha lake, kwa sababu hilo hufunguliwa kila dakika. Chakula cha kuharibika kikikaa nje ya baridi zaidi ya saa mbili, kitupwe. Joto likizidi nyuzi 32, ni saa moja tu.

KivuliKwanza
Cha kubeba: mwavuli, fulana za kuogelea za mikono mirefu, kofia, na majaketi okozi yanayolingana na uzito wa kila mtoto. Mwavuli uchimbiwe karibu nusu mita, ukiinamishwa kuelekea upepo unakotoka. Ukiegemezwa tu mchangani, unang'oka na kuumiza watu.

Losheni ya jua huisha haraka kuliko watu wanavyodhani. Mtu mzima anahitaji mililita 30 hivi kwa mwili mzima, na kurudia kila baada ya saa mbili na kila akitoka majini. Chupa ya mililita 200 haifiki mipako saba. Fulana ya mikono mirefu hupunguza sana sehemu ya kupaka, na akiba hiyo ni ya kila siku. Usitumie chupa iliyopitwa na muda au iliyoachwa garini juani.

Maboya ya kupuliza ni michezo. Upepo ukivuma kutoka nchi kavu huyasukuma kilindini pamoja na mtoto. Hapo tafadhali msibane pesa.

MamaWatatu
Asanteni sana, nimeshamwandikia mwenye nyumba kuhusu njia na ngazi. Tukiongeza barafu ya vipande na ikayeyuka ndani ya kasha, maji tuyamwage?

JikoLaSafari
Yakiwa bado baridi, yaacheni. Yanapoza kuliko hewa itakayochukua nafasi yake. Chakula kiwe kwenye vyombo vyenye vifuniko vinavyobana, kikae juu ya chupa. Mwageni pale tu mnapoweka chupa mpya zilizoganda.