Kuchora michoro ya kwilti bila kuacha madoa: kalamu, chaki au sabuni?

SindanoButu
Wadau, salamu. Uso wa kwilti yangu (lile shuka nene la viraka, lenye pamba katikati) umeshaungwa, bado sijaweka pamba wala kitambaa cha chini. Nataka kuchora maua na mawimbi ya kufuata kwa uzi. Nusu ya viraka ni vyeupe kabisa, nusu ni bluu iliyokoza. Nashona kwa mkono, kwa hiyo alama ikae wiki kadhaa, halafu itoke yote. Nina kalamu ya bluu ya kufutika kwa maji, ya zambarau inayopotea yenyewe, ile ya kufutika kwa pasi, na chaki ya fundi. Nishike ipi?

Mama Kiraka
Ya zambarau iweke kando. Inapotea kwa hewa, mara nyingi ndani ya siku 1 au 2, na penye unyevunyevu hata mapema zaidi. Utamaliza ua la kwanza, ukigeukia la pili halipo. Hiyo ni ya wenye mashine, wanaochora na kushona papo hapo.

Kwenye vyeupe mimi ni wa ile ya bluu, ila ina masharti, na wengi wanaoilalamikia wameyavunja. Usiipitishie pasi kabla haijatoka. Joto huigandisha kwenye nyuzi, pengine igeuke kahawia, na hapo usihangaike tena. Jua kali la dirishani nalo liogope. Kuitoa, tumia maji baridi matupu, sabuni baadaye, maana sabuni nayo huweza kuigandisha.

Halafu kuna hili la kupulizia. Mtu anarushia maji juu juu, mstari unapotea machoni, anaanika. Wino haujaenda popote, umeshuka kwenye pamba. Kitambaa kikikauka unapanda tena, safari hii kama mabaka ya bluu hafifu yasiyo na umbo. Loweka kwilti nzima kwenye beseni, ibonyeze kwa viganja, mwaga, weka maji mapya, rudia.

Cherehani_Usiku
Yote hayo ya nini? FriXion ya Pilot, ndiyo hiyo kalamu ya kufutika kwa pasi: unapitisha pasi, mstari kwishnei. Nakatia vitambaa kwa hiyo kila siku.

Bi Pindo
Kwenye kukata sawa, mwanangu, mstari unaishia ndani ya mshono. Juu ya kwilti ni habari nyingine. Wino ule hautoki kwenye kitambaa. Unapoteza rangi tu ukifika kama nyuzi joto 60, na baridi kali, kuanzia kama nyuzi 10 chini ya sifuri, huanza kuurudisha. Kalamu yenyewe ni ya kuandikia karatasi. Chora kwenye kipande cha mabaki, piga pasi, kitie kwenye friza usiku kucha, halafu ukitazame. Na kwenye hiyo bluu iliyokoza friza huihitaji: wino ukipotea huweza kubaki mstari mweupe, kama njia ya konokono.

Cherehani_Usiku
Shikamoo Bi Pindo. Kipande kiko kwenye friza, nitaleta majibu. Lakini kwa kukatia siiachi ng'o.

UziNaUpepo
Kwa viraka vya bluu hakuna kinachoipita sabuni. Chukua kile kipande chembamba kinachobaki kwenye kisahani, cheupe, kisicho na losheni ndani, kiache kikauke mpaka kiwe kigumu, kisha kinoe ukingo kwa kisu. Kinatoa mstari mwembamba kuliko chaki, na siku ya kufua kinajiondoa chenyewe.

Chaki ya fundi iangalie vizuri kabla hujaigusisha kwenye kazi, kwa sababu kuna za udongo na kuna za nta. Ya nta ikikutana na pasi huyeyuka, ikaacha doa la mafuta. Ya udongo nunua nyeupe tu, zile za rangi huwa ngumu kutoka. Na kwa kuwa mkono unaifuta unaposhona, chora sehemu ya leo, ya kesho ichore kesho.

Bi Pindo
Mbona hakuna aliyetaja hera? Ni kifaa cha Kijapani, cha plastiki au mfupa, chenye ukingo butu. Hakina wino. Unakandamiza, unabaki mkunjo unaong'aa kidogo. Kitumie baada ya kuunganisha tabaka zote, ili pamba ibonyee, na taa uiweke ubavuni, si juu. Mawimbi mapana kinayaweza. Maua yenye kona kali kitakusumbua, na kwenye kitambaa chenye maua mengi mkunjo hauonekani.

Mistari iliyonyooka bandika tepu ya karatasi, ibandue kabla hujalala. Gundi iliyolala huachana na kitambaa kwa shida.

PambaNyeupe
Naomba nidandie. Yangu ni ya ukutani, ina hariri, haitafuliwa kamwe.

Mama Kiraka
Wewe usichore kwenye kitambaa kabisa. Chora kwenye karatasi nyembamba, ibane kwa pini, shona juu yake, kisha ichane taratibu ukishikilia mishono kwa kidole. Usichore kwa penseli, sindano itaburuta weusi hadi kwenye uzi. Ukiwa na mashine, pitisha karatasi kadhaa pamoja kwa sindano isiyo na uzi: matundu yenyewe ndiyo mchoro, na unapata nakala zote kwa mkupuo mmoja.

Cherehani_Usiku
Majibu ya friza: mstari umerudi. Hafifu, ila unasomeka.

SindanoButu
Basi bluu ya maji kwenye vyeupe, sabuni kwenye vilivyokoza. Nijaribu kwanza kwenye mabaki?

Mama Kiraka
Ndiyo, lakini kwa tabaka zote 3, pamba ikiwemo, la sivyo hutaona wino unaopanda tena. Chora, kiache mahali unapoweka kazi yako, na ukitoe alama baada ya muda uleule zitakaokaa kwenye kwilti. Wino wa jana na wa wiki kadhaa haviondoki sawa.