Bunduki ya Winchester 67 niliyoinunua kwa mtu inagoma kulia, naombeni ushauri

Mgeni wa Mtutu: Wakuu habari za muda huu. Nimenunua kwa mtu Winchester 67 ya .22, ile ya risasi moja moja. Naweka risasi, nafunga bolti (kile chuma kinachoziba nyuma ya risasi), nabonyeza kifyatuo, "tik", kimya. Katika risasi 10 imelia 1 tu. Pini mpya ya kugonga risasi nimeshaagiza, ila nataka kujua kama kuna kingine cha kuangalia. Vibali ninavyo vyote, tusianze huko.

Tupa Bapa: Umevuta kile kirungu cha nyuma ya bolti? Hiyo 67 haijitegi ukifunga bolti, inategwa kwa mkono 😂

Mgeni wa Mtutu: Nimevuta mkuu. Nisingevuta, hiyo "tik" ingetoka wapi?

Tone Moja: Achana na pini kwanza. Hizo zimetengenezwa 1934 hadi 1963, humo ndani kuna grisi imeganda kama nta, springi inahangaika na grisi badala ya kurusha pini. Fungua bolti, loweka vyuma kwenye mafuta ya taa usiku kucha, sugua kwa mswaki, futa mpaka kitambaa kitoke cheupe. Kausha, halafu tone moja la mafuta mepesi. Nimesema tone. Watu wanamimina kama wanapaka cherehani, baada ya mwezi wanarudi humu kulia.

Mzee wa Sheria: Vibali umevitaja haraka sana kijana. Mtu asiye na wasiwasi hakimbilii kujitetea kabla ya kuulizwa.

Geji: Mleta uzi, tuambie maganda yanasemaje. Risasi ya .22 kiwashio chake kimo ndani ya ukingo wa kitako, si katikati, kwa hiyo soma alama pale ukingoni. Haina alama kabisa: pini haifiki, imekatika ncha au imekwama. Alama ya kina lakini haijalia: lawama ni ya risasi. Hapo subiri sekunde 30 mtutu ukiwa umeelekea pasipo na mtu, maana inaweza kuchelewa kuwaka, ndipo uitoe, uizungushe nusu duara na ujaribu tena. Mara nyingine kiwashio hakikuenea ukingo mzima. Alama hafifu: uchafu, springi iliyochoka, au nafasi imezidi kati ya bolti na risasi.

Mgeni wa Mtutu: Hafifu. Naihisi kwa ukucha kuliko ninavyoiona. Uchafu nilishasafisha.

Geji: Na lile ganda lililolia, kitako chake kikoje? Bolti ni ya bunduki hiyohiyo?

Mgeni wa Mtutu: Kitako kimevimba kidogo, nikilisimamisha mezani linayumba. Bolti ni yake, namba za bolti na za mwili nimelinganisha, zinafanana.

Kalamu Nyekundu: Hii chai. Model 67 zilizouzwa Marekani hazikupigwa namba. Sheria iliyolazimisha namba ni ya 1968, na bunduki hii iliacha kutengenezwa 1963. Umelinganisha namba zipi?

Tupa Bapa: Chai ya moto kabisa. Huyu bunduki kaiona kwenye picha.

Mzee wa Sheria: Nilisema mimi.

Mgeni wa Mtutu: Jamani, bunduki ninayo. Sawa, namba hazipo, nilisema ili tusonge mbele. Aliyeniuzia hakuwa na bolti, nikatafuta nyingine pembeni. Lakini inaingia vizuri na inafunga bila kulazimisha! Ndiyo maana nimeagiza pini iliyozidi urefu kwa nusu milimita, ifike tu.

Geji: Hilo ndilo lilipaswa kuwa mstari wa kwanza. Bolti kufunga kirahisi si sifa, huenda ndiyo ugonjwa wenyewe. Risasi inakaa mbali na uso wa bolti, pini inaisukuma mbele kabla ya kuigonga, nguvu inapotea. Pini ndefu italia, kweli, ila ganda litakuwa halina kitu cha kuliegemea nyuma. Ukingo ukipasuka, gesi inakuja usoni kwako. Tena pini inayogonga mdomo wa chemba, pale risasi inapokaa, huufanyia kovu, risasi zinaanza kukwama. Itokeze milimita 0.8 hadi 0.95, basi.

Pima hivi. Toa pini na springi kwenye bolti. Chukua ganda tupu ambalo halijavimba, pima unene wa ukingo kwa kalipa pasipo na alama. Liweke chembani. Kata karatasi ya kuandikia iwe vipande vidogo kama kitako cha ganda. Kila kimoja ni kama milimita 0.1. Bandika kimoja kimoja kwenye kitako cha ganda kwa tone la mafuta, ukifunga bolti kwa kidole tu, mpaka igome. Jumla ya ukingo na karatasi ikipita 1.17, nafasi imezidi.

Tone Moja: Na grisi ya chembani itoe kwanza, inadanganya kipimo.

Mgeni wa Mtutu: Nimepima. Ukingo 1.05. Karatasi 3 imefunga, ya 4 imegoma.

Geji: 1.35. Hiyo usiipige tena. Shina la mkono wa bolti ndilo kufuli lenyewe kwenye bunduki za namna hii, na hilo silo lililokaa kwenye tundu lako tangu mwanzo. Mpelekee fundi wa bunduki vyote viwili, bolti na mwili, au tafuta bolti nyingine na uipime hivyohivyo kabla ya kuilipia.

Mgeni wa Mtutu: Nimekuelewa mkuu. Sasa pini ikifika, nikiipunguza kwa tupa mpaka 0.9, si naweza kujaribu risasi moja tu?

Kalamu Nyekundu: Naondoa neno chai. Huyu yupo kweli.