Kupima radoni kidogo sana hewani, uwanda wa Shira: kifaa gani kinafaa?

Mwanafunzi wa Moshi
Wanajukwaa, salaam. Ninaandaa pendekezo la utafiti wa kupima radoni, gesi ya mionzi, katika hewa ya uwanda wa Shira, Kilimanjaro, takribani mita 3,800 juu ya usawa wa bahari. Ninataka kutambua saa ambazo hewa inayofika pale haijagusa nchi kavu kwa siku kadhaa, kwa kuwa radoni hutoka ardhini, bahari hutoa kidogo mno, na ikishapanda angani hupungua kwa nusu kila siku 3.8. Nimeazimwa kipimo kidogo cha kielektroniki cha majumbani. Je, nikikiacha juu kwa muda mrefu kitafaa?

Fundi Vipimo, Arusha
Ndugu, hakitafaa, na muda mrefu hautakiokoa. Vipimo hivyo vimelengwa kwenye viwango vya ndani ya nyumba, ambako Shirika la Afya Duniani limependekeza kikomo cha rejea cha bekereli 100 (bekereli moja ni atomi moja kuvunjika kwa sekunde) kwa mita ya ujazo, ilhali wewe unatafuta hewa ambayo huenda ina bekereli 0.1 tu. Katika lita moja ya hewa hiyo, atomi za radoni zinazovunjika ni kama tisa kwa siku nzima. Kila atomi ikivunjika hutoa chembe ya mionzi iitwayo alfa; ukiongeza alfa za poloni, elementi inayozaliwa na radoni, hufikii thelathini, na poloni-210 iliyojikusanya kwenye kuta za kifaa inaweza kuzimeza zote. Ukisubiri mwezi utapata wastani wa mwezi, nawe umeuliza habari ya saa.

Dawa yake ni ujazo. Vituo vya Cape Grim, Tasmania, na Mauna Loa, Hawaii, vimetumia mtambo wa vichujio viwili: kichujio cha kwanza huzuia poloni, risasi na bismuthi zilizokuwamo hewani tayari, radoni peke yake huingia kwenye pipa kubwa na kuvunjika humo, kisha kichujio cha pili hunasa poloni mpya, ambayo alfa zake huhesabiwa kwa mwanga zinaoutoa zikigonga salfidi ya zinki. Pipa la lita 1,500 lenye hewa hiyo hiyo huwa na mivunjiko ya radoni takriban 540 kwa saa, idadi inayotosha kuzungumzia saa. Kabla ya pipa weka tangi la kuchelewesha hewa kwa dakika tano hivi, ili toroni, aina nyingine ya radoni ambayo hupungua kwa nusu kila sekunde 56, iishie njiani.

Mtafiti wa Njiro
Naongeza la mlima wenyewe. Mchana upepo hupanda kutoka mashambani na kubeba radoni ya nchi kavu. Usiku hewa hushuka kutoka juu. Kwa hiyo saa zako ni zile za kuelekea alfajiri, ingawa hata hewa hiyo hupita juu ya miamba ya volkano, basi mdomo wa bomba la kuvuta hewa uinuliwe mita kadhaa. Rekodi pia joto na mgandamizo, maana pale mgandamizo ni karibu theluthi mbili tu ya ule wa pwani, na bila masahihisho hutaweza kulinganisha takwimu zako na za kituo kingine. Kuhusu kusawazisha kifaa kwa chanzo cha radiamu (elementi inayozaa radoni), wasiliana mapema na Tume ya Nguvu za Atomiki hapa Arusha.

Mwanafunzi wa Moshi
Nawashukuru sana, wakubwa zangu. Pipa la lita 1,500 na umeme wake havitapatikana mwaka huu. Je, mkaa maalumu wa kunasa gesi?

Fundi Vipimo, Arusha
Unawezekana, mradi upoozwe sana wakati wa kuvuta hewa, na mkaa wa kundi lile lile ambao haujavuta hewa upimwe kwanza, kwani nao una radiamu yake. Andika saa ya kufunga kila chupa ya mkaa na uzishushe Moshi siku hiyo hiyo, kwa sababu kila siku ya kuchelewa hukupunguzia radoni kwa asilimia 17.