Mrejesho: maumivu ya mgongo, nimepata mtaalamu hapahapa Kigoma

Wakuu, mimi ndiye niliyeomba kuelekezwa kwa mwanasaikolojia: mgongo na mabega vinaniuma tangu kaka azame ziwani, na picha zote za hospitali zinatoka safi.

Aliyesema nianzie kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya mkoa, Mungu ambariki. Niliogopa kuonekana kwenye lile benchi, maana Ujiji habari hailali. Kumbe wengi pale ni wagonjwa wa kifafa na wanaokosa usingizi.

Daktari hakuniambia "huna kitu" kama nilivyoambiwa kwingine. Alisema maumivu ni ya kweli. Yakivuka miezi 3 huitwa sugu, na mfumo wa fahamu unaweza kuendelea kupiga kengele hata pasipo jeraha, huzuni nayo ikikoleza. Akanipa amitriptilini, dawa ya sonona inayotumika pia kutuliza maumivu sugu, dozi ndogo ya usiku (mdomo unakauka balaa!), kisha akanikabidhi kwa mnasihi, dada mmoja anayejua kunyamaza.

Huyo akanipa kazi ya daftari: kila mgongo ukikaza, niandike nilikuwa nafanya nini. Mimi nilijua ni magunia ya dagaa ninayobeba. Daftari likasema mengine: unakaza alfajiri pale mwalo wa Kibirizi mitumbwi ikiingia, kabla sijagusa gunia lolote. Hapo ndipo tulipoanza kuongea habari za kaka.

Maumivu yapo bado, ila nalala, na vidonge vya maumivu vya kila siku, diklofenaki, nimeacha. Mlionishauri hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe, Dodoma, asanteni, sijafika huko. Anayetaka kwenda kliniki ya hapa Kigoma awahi asubuhi, abebe na vipimo vyake vya zamani.