Nani aliwadanganya kwamba koma ya Kiingereza inawekwa pale unapopumua???

Wakuu leo naandika na hasira, mnivumilie.

Wiki iliyopita niliandaa memo ya ofisini, sentensi moja tu: "Employees who missed the training will not be paid." Yaani wale waliokosa mafunzo ndio hawalipwi, wengine kama kawaida. Bosi kaisoma, kakunja uso, eti "mbona haipumui hii?", akapachika koma mbili: "Employees, who missed the training, will not be paid." Ikatumwa hivyohivyo. Nyie! Hapo sasa inasema wafanyakazi WOTE walikosa mafunzo na WOTE hawalipwi. Kuna jamaa mmoja lugha anaijua akawasomea wenzake kwa sauti, basi moto ukawaka, na jina lililoko chini ya memo ni langu.

Najitetea naambiwa "koma ni koma tu, usikuze mambo". Koma tu? Jimbo la Maine huko Marekani kuna sheria inataja kazi ambazo hazina malipo ya ovataimu, na wakati huo orodha iliishia na "packing for shipment or distribution" (kupaki kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza) bila koma kabla ya "or". Madereva wa kampuni ya maziwa wakasema sisi hatupaki, sisi tunasambaza, na hiyo sentensi haieleweki kama kusambaza ni kazi inayojitegemea au ni kupaki kwa ajili ya kusambaza. 2017 mahakama ya rufaa ikawakubalia, 2018 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5. Halafu mtu ananiambia nakuza mambo.

Hii ya kupumua tumeitoa shule, nukta pumzika, koma vuta pumzi kidogo. Sasa mwenye pumu ataandikaje? Ni kweli enzi za kale hizi alama zilikuwa za kumsaidia msomaji wa sauti, ila Kiingereza cha leo koma inafuata muundo wa sentensi sio mapafu yako.

Na ndio maana mtu akishaandika kiima kirefu anatua mzigo na koma hapohapo: "The man who came yesterday, is my uncle." HAPANA. Kiima na kitenzi chake hawatenganishwi na koma moja, hata kiima kiwe kirefu kama treni. Ukitaka koma ziwe mbili, zimezungushia maelezo ya ziada ambayo ukiyatoa sentensi inabaki na maana ileile. Hicho tu ndio kipimo, toa yale maneno uone, maana ikibadilika koma hazina kazi hapo.

Nyingine inayoniua ni "I called you, you didn't answer." Hii naielewa inatoka wapi, maana Kiswahili "nilikupigia, hukupokea" iko poa kabisa hakuna anayekufukuza. Kiingereza ni kosa, sentensi mbili kamili koma peke yake haizibebi, weka "but" baada ya koma, au nukta mkato, au nukta umalize. Mimi mwenyewe nimeandika hivyo miaka na miaka hakuna aliyenishtua!

Ile ya kabla ya "and" kwenye orodha sigombani na mtu, Oxford wanaiweka, magazeti mengi hayaiweki, we chagua moja usibadilishebadilishe. Ila kama kuiacha kunaleta utata kama wa wale madereva, iweke tu jamani.

Sasa jana bosi kaniambia niache, memo ya kurekebisha ataandika mwenyewe. Imetoka leo asubuhi, mstari wa kwanza: "All employees who attended the training, will be paid."

Sijamwambia kitu.