Tangazo la bodaboda: mmedesa jaribio la Harvard, na kudesa kwenyewe mmekosea

Wakuu, heshima mbele. Uzi huu ni kwa wenye ofisi za matangazo hapa Arusha na kwa wateja wanaowalipa.

Kuna lile tangazo la usalama barabarani linalozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Vijana sita, watatu fulana nyeupe, watatu nyeusi, wanarushiana mpira, Meru inaonekana nyuma yao. Sauti inakwambia uhesabu pasi za wenye nyeupe. Katikati bodaboda inakatiza. Mwisho: "Hukuiona! Nusu ya madereva hawaioni. Sasa umefumbuka macho." Kisha nembo ya waliotengeneza na maneno "ubunifu wetu".

Ubunifu wa nani?

Hilo ni jaribio la wanasaikolojia Daniel Simons na Christopher Chabris, lilifanyika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, na kuchapishwa 1999. Timu mbili za watu watatu watatu, nyeupe na nyeusi, na mtu aliyevaa vazi la gorila anapita katikati yao. Karibu nusu ya watazamaji, wakiwa bize kuhesabu pasi, hawakumwona. Na wao wenyewe hawakujifanya wa kwanza: kwenye makala yao wamemtaja mwanasaikolojia Ulric Neisser, ambaye miaka ya 1970 alimpitisha mwanamke mwenye mwavuli katikati ya wachezaji. Harvard wanataja walikochukua, nyie wa mtaa wa Sakina mnashindwa nini?

Na msinitolee mfano wa London. Ndiyo, 2008 mamlaka yao ya usafiri ilitoa tangazo la kuwalinda waendesha baiskeli, dubu akipita kinyumenyume kwa mbwembwe katikati ya wachezaji. Muundo uleule. Matokeo yake wapo wanaoamini mpaka leo kwamba dubu ndiye asili.

Sasa makosa ya kudesa. Gorila alikuwa mweusi. Waliopewa kazi ya kuhesabu pasi za wenye fulana nyeupe ndio waliomkosa zaidi. Waliohesabu za wenye fulana nyeusi walimwona kwa wingi zaidi, kwa sababu akili ilishajipanga kufuatilia weusi na kuchuja weupe. Nyie mmemvalisha dereva wa boda shati jeupe na reflekta juu yake, halafu mnatuambia tuhesabu nyeupe. Ataachaje kuonekana? Pasi zenyewe ni za uvivu, mtu anahesabu huku anakunywa chai. Kwenye jaribio, walioambiwa watenganishe pasi za hewani na za kudundisha, yaani hesabu mbili kwa mpigo, walimkosa gorila zaidi ya wenye hesabu moja. Na kilichonichekesha kwa hasira ni honi. Mmeweka honi! Macho yamebanwa na hesabu, halafu honi inaweza kumshtua mtu akageuka.

Lakini kinachoudhi kuliko vyote ni hiyo "nusu ya madereva". Nusu ile ni ya watu waliokaa chini wakitazama video na kuhesabu pasi. Si madereva wa Hiace wa Kijenge, si wa malori ya barabara ya Moshi. Mmechukua namba ya maabara mkaibandika barabarani, na kwa kuwa hamkutaja jina, mtazamaji hana pa kuanzia kuwahakiki.

Angekuwa na jina angetafuta, na angekuta kwamba hata ile kauli yenu ya "sasa umefumbuka macho" ni uongo. Mwaka 2010 Simons alirudia na video mpya. Waliokuwa wanaijua habari ya gorila walimwona, sawa, ila pazia la nyuma lilibadilika rangi na mchezaji mmoja akatoka, na hapo hawakuwa bora kuliko wasioijua. Mwaka 2013 wataalamu 24 wa kusoma picha za mapafu waliwekewa kigorila ndani ya picha, kikubwa mara 48 kuliko vinundu (vivimbe vidogo vya mapafu) wanavyovitafuta kila siku. Ishirini hawakukiona. Sasa dereva aliyetazama klipu yenu mara moja ndiye amefumbuka?

NYONGEZA: Mdau hapo chini anasema wazo halina hakimiliki. Ni kweli mkuu, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 hailindi wazo tupu, inalinda namna lilivyotolewa. Mngekata kipande cha video yao halisi ingekuwa kesi nyingine. Sijasema mshtakiwe. Nimesema mtaje, na mfute "ubunifu wetu".

Marekebisho mengi ni kazi ya mhariri ya mchana mmoja. Kateni honi. Futeni "nusu ya madereva" na "umefumbuka macho". Mkirekodi upya, dereva wa boda avae nyeusi. Mwishoni wekeni maandishi kwa sekunde tatu, yasomeke kwenye simu: "Limetokana na jaribio la Simons na Chabris, 1999." Na wewe mteja, kabla hujalipa ankara inayofuata, uliza kwa maandishi wazo limetoka wapi.